Shajara ya kikapu cha nyumbani: kupunguza sukari, chumvi na mafuta tangu dukani

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wa kikundi cha hisa hapa Chake Chake, na kwa yeyote mwenye mgonjwa wa presha au sukari nyumbani kwake. Kila hatua ikimalizika nitaongeza tulichojaribu, kilichokwama na kilichotugharimu. Bei zote ni za maduka na soko la kwetu Pemba, mwaka 2025.

5 Januari 2025: Daftari la deni

Tupo watu 7: mimi na baba watoto, mavyaa wangu (mama yake mume wangu), na watoto wanne. Mavyaa ana presha ya miaka. Baba watoto aliambiwa ana sukari mwaka jana. Hatuko peke yetu katika hili. Utafiti wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulikuta karibu theluthi ya watu wazima waliopimwa wana presha. Kila tukienda hospitali tunarudi na maneno yale yale: punguzeni chumvi, punguzeni mafuta, punguzeni sukari. Ni maneno ya kweli. Lakini nani anajua kwake vinatumika kiasi gani, hata ajue kama amepunguza?

Kupunguza chunguni tulishajaribu na haikai. Leo napika mimi, kesho anapika binti yangu mkubwa, keshokutwa wifi yupo, na kila mkono una kipimo chake. Kinachoingia ndani ndicho kinacholiwa, kwa hiyo safari hii tumeanzia mlangoni.

Kikwazo cha mwanzo kilikuwa kumbukumbu. Duka la mtaani halitoi risiti. Ila deni linaandikwa, na daftari la deni halisahau kitu. Nikamwendea mwenye duka.

"Ami, naomba nilitazame daftari letu tangu mwezi wa kumi."

"Kwani mama, umeona nimekuzidishia?"

"Hata. Nataka kujihisabu mwenyewe."

Akalifungua juu ya meza, nami nikanakili ukurasa kwa ukurasa. Naomba kila anayetaka kuifuata kazi hii aanzie hapo, kwa sababu kila mtu hukisia kidogo kuliko anachonunua. Mimi ningeulizwa, ningeapa kwamba sukari yetu ni kilo tano kwa mwezi. Daftari lilisema kilo 9. Mafuta lita 8. Chumvi pakiti nne za nusu kilo, na juu yake vidonge vya supu karibu kila siku. Mchele kilo 45, unga wa ngano kilo 12. Soda na juisi za unga zilikuwa zikiandikwa mojamoja, mia mbili hapa, elfu pale. Nilipozijumlisha zikafika shilingi 22,000 kwa mwezi. Mboga na matunda hayamo kwenye daftari kwa kuwa hulipwa taslimu sokoni. Hayo niliyaandika mwenyewe, yakaja kama 40,000 kwa mwezi.

Gharama ya hatua hii: mizani ndogo ya jikoni, shilingi 25,000. Ndicho kifaa pekee tulichonunua katika mradi wote.

12 Januari: Hisabu ya kichwa kimoja

Kilo 9 za sukari ni nyingi au chache? Haijulikani mpaka uigawe kwa watu na siku. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Sukari ya kuongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata mtu kwenye chakula, ambayo kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 50 hivi, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Mboga na matunda yasipungue gramu 400, na katika hizo muhogo, mbatata na viazi vitamu havihesabiwi.

Namna ya kufanya: chukua kiwango, zidisha kwa idadi ya watu, zidisha kwa siku 30. Kwa watu 7 chumvi ya mwezi inakuja kilo moja na gramu 50. Sukari kwa kiwango cha chini ni kilo 5 na robo. Watoto wadogo wanahitaji chini ya hapo, kwa hiyo hiyo ni mipaka ya juu, si malengo ya kufikia.

Sasa sisi. Chumvi ya pakiti peke yake ilikuwa gramu 9.5 kwa kila mtu kwa siku, na vidonge vya supu bado. Sukari gramu 43, na soda bado. Mafuta mililita 38, na samaki wa kukaangwa tunaowanunua tayari sokoni bado.

Kilichonishitua zaidi ni upande wa pili. Gramu 400 mara watu 7 ni kilo 2.8 za mboga na matunda kwa siku moja. Nikapima tulichokula siku hiyo: fungu la mchicha, tungule (nyanya) tano na ndizi za watoto. Hakikufika kilo moja.

Tukaweka sharti moja: fedha ya chakula isiongezeke. Kila shilingi itakayotoka kwenye sukari, mafuta na soda ihamie kwenye mboga, matunda na samaki. Bila hivyo mradi ungekuwa wa wenye nacho.

26 Januari: Sukari, na mfuko wa maziwa

Jirani alituambia tuhamie sukari guru, na wengi wanaamini hivyo hivyo kuhusu asali. Tulinunua kilo mbili za sukari guru kwa bei ya juu. Haikusaidia kitu. Sukari guru ni sukari, ina rangi tu na ladha yake, na kipimo cha baba watoto asubuhi kilibaki palepale. Tumeiacha.

Jaribio la pili lilikuwa kupika chai bila sukari, kila mtu ajitilie mwenyewe. Hapo matumizi yalipanda, maana mtoto akiachiwa kijiko hatii kimoja.

Kilichofanya kazi ni kopo. Kila Ijumaa asubuhi napima kilo moja na robo natia kwenye kopo la wiki, mfuko uliobaki unarudi chumbani kwa mavyaa. Humo ndimo mna chai, uji, maandazi na juisi. Likiisha Jumatano tunakunywa chai kavu mpaka Ijumaa. Wiki ya mwanzo liliisha mapema na malalamiko yalikuwa mengi. Kisha likaanza kufika. Chai yenyewe tumeizidishia viungo: mdalasini, iliki, tangawizi na mchaichai. Chai yenye viungo vya kutosha haidai sukari sana, na viungo hapa kwetu si ghali.

Asubuhi tumepunguza boflo (mkate) na maandazi, tunanunua muhogo na viazi vitamu vya kuchemsha. Hapa niseme wazi kwa wenye wagonjwa wa sukari: muhogo nao ni wanga. Baba watoto alikula sahani nzima akidhani ni ruhusa, na kipimo cha saa mbili baadaye kikapanda kama cha mkate. Vipande viwili, na samaki au kunde pembeni, ndio utaratibu sasa.

Halafu maziwa. Tulikuwa tunanunua maziwa ya unga ya mfuko, yale ya bei nafuu, picha ya ng'ombe mbele. Binti yangu alinisomea maandishi madogo ya nyuma. Vitu kwenye pakiti huandikwa kwa uzito wake, kilicho kingi kinatangulia. Cha mwanzo kilikuwa sirupu ya glukosi. Cha pili, mafuta ya mimea. Maziwa yenyewe yalikuja nyuma huko, pamoja na vitu vyenye majina marefu. Mwaka mzima tumewanywesha watoto sukari na mafuta tukiita maziwa. Nilikasirika, na bado nina hasira, kwa sababu mama mwenye shilingi kidogo ndiye anayenunua mfuko ule. Sasa tunachukua maziwa ya ng'ombe kwa mtu wa Wawi, lita moja shilingi 2,500, tunayachemsha. Ni machache kuliko zamani lakini ni maziwa.

Soda tumeiacha ndani ya nyumba. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina zaidi ya gramu 50 za sukari, posho ya siku nzima kwa mtu mzima. Badala yake kuna maji ya ndimu, na wakati wa mabungo kuna juisi ya mabungo, sukari kutoka kopo lile lile.

9 Februari: Mafuta

Tulibadilisha aina kwanza. Mafuta tuliyokuwa tukipimiwa kutoka kwenye dumu ni ya mawese, na karibu nusu yake ni yale mafuta mazito yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mwilini. Ya alizeti yana machache sana ya aina hiyo. Tukanunua alizeti, lita moja shilingi 6,500 badala ya 5,500, na tukaendelea kumimina kama kawaida. Mwisho wa wiki mbili kiasi kilikuwa kile kile na fedha imezidi. Kwa mfuko wetu aina ya mafuta ilikuwa suala la pili. La kwanza lilikuwa wingi.

Kwa hiyo tumerudi kwenye ya kupimiwa, na alizeti kidogo kwa kachumbari na mboga. Lita moja na robo kwa wiki kwenye chupa yenye alama ya kalamu. Kukaanga kwa mafuta mengi ni siku moja tu, na mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki hayarudi kwenye chupa.

Nazi ilihitaji mazungumzo marefu zaidi, maana mavyaa hawezi kusikia kisamvu kikipikwa bila nazi, na mimi pia siwezi. Lakini mafuta ya nazi ni mazito kwa zaidi ya asilimia 80. Tulijaribu kuiacha siku za kazi. Mboga zilibaki kwenye sufuria, na mboga isiyoliwa haina faida kwa mtu. Tulichokubaliana ni hiki: chungu kinachotiwa nazi hakitiwi mafuta. Zamani tulikuwa tunakaanga vitunguu na thomu (kitunguu saumu) kwa mafuta, kisha tunamimina tui juu yake. Sasa vitunguu vinachemshwa ndani ya tui la pili, kisha kasimele, tui zito la kwanza, inatiwa mwisho, ya nazi moja badala ya mbili. Ladha ipo. Kwa mwezi nazi zimepungua karibu nusu.

Samaki wa mchuzi tunampika chukuchuku, ndimu, pilipili na tungule, bila tone la mafuta. Chakula hiki wazee wetu walikuwa nacho siku zote, tukakiona cha mgonjwa.

16 Februari: Mwezi kumi na nne na dagaa

Samaki tulikuwa tukinunua jioni, wa kukaanga tayari, kwa sababu ndio wanaopatikana saa tunazotoka kazini. Ni mafuta yaliyotumika mara nyingi na chumvi tusiyoijua kipimo. Mpango mpya: baba watoto ashuke diko (pwani wanaposhukia wavuvi) la Wesha asubuhi, anunue samaki mbichi, hasa vibua na dagaa. Vibua wana mafuta yale mazuri kwa moyo, na bei yao haifanani na ya changu wala nguru. Tunatazama macho yawe angavu, mashavu mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi.

Wiki mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Dagaa wabichi tele, fungu la 3,000 linatosha chakula cha usiku. Halafu wakatoweka. Mvuvi mmoja akamwambia baba watoto, "Yakhe, huoni mwezi?" Dagaa huvuliwa kwa taa, kwenye giza, mbalamwezi ikitawala, taa haina kazi na vyombo vingi vinapumzika. Tupo katikati ya Shaaban, mwezi umejaa. Basi orodha ya samaki sasa inafuata kalenda ya mwezi: siku za giza tunanunua dagaa wabichi na kukausha wetu wenyewe, siku za mwanga tunategemea vibua, kunde na choroko.

Tulipokosa wabichi tulinunua dagaa wakavu wa sokoni, na hapo chumvi ikaturudia kwa mlango wa nyuma. Dagaa wakavu wengi wa visiwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ukiwala kwa wingi na ukatia chumvi mchuzini, hesabu ya gramu 5 haina maana tena. Ng'onda, samaki wa kupasuliwa na kukaushwa kwa chumvi, ndio zaidi. Dawa yake: waroweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, mwaga, suuza mara mbili, upike bila kuongeza chumvi, uonje ndipo uamue. Nunua walioanikwa kwenye vichanja. Wa chini wana mchanga na hata ukiosha vipi meno yatakwambia.

23 Februari: Chumvi

Vidonge vya supu tulidhani ni viungo. Pakiti inasema vingine: cha mwanzo kwenye orodha ni chumvi. Pakiti nyingine hazitaji chumvi bali sodiamu, na hapo zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe. Gramu moja ya sodiamu ni gramu 2.5 za chumvi, nusu ya posho ya siku.

Kuviacha kwa siku moja kulishindikana. Mchuzi ulikuwa mtupu mdomoni na watoto wakaomba ng'onda pembeni. Tulichofanya ni kushusha kwa wiki nne, kidonge kizima, nusu, robo, kisha hakuna, huku tukiongeza thomu iliyotwangwa na ndimu nyingi, na uzile (bizari nyembamba) uliokaangwa mkavu. Ulimi huzoea. Mavyaa, ambaye tulimwogopa kuliko wote, ndiye aliyesema mchuzi wa harusini ulikuwa na chumvi kali.

Chumvi yenyewe tunanunua yenye madini joto, iliyoandikwa hivyo kwenye pakiti. Pemba tunavuna chumvi yetu ya bahari, lakini si yote inayotiwa madini joto, na upungufu wake huleta tezi la shingo na hudhuru akili ya mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo tunataka ndogo, lakini yenye madini. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko mbali na moto na jua, na uitie chakula kinapokaribia kuiva, kwani madini hayo hupotea kwa unyevu, mwanga na kuchemka sana.

Baada ya Sikukuu: Ramadhani

Hapa mradi ulikutana na jambo ambalo daftari la duka haliwezi kulionyesha. Nyumbani tulijipanga: uji wa pilipili manga, tende, kitu kimoja cha sukari kwa usiku mmoja, kaimati leo, tambi kesho, si vyote pamoja. Baba watoto alikwenda kliniki kabla ya mwezi kuandama, wakampangia dawa zake upya. Asiende mtu kwenye funga na sukari yake bila kufanya hivyo.

Lakini magharibi ikikaribia, masinia yanaingia. Kwa jirani wa kulia kaimati, wa kushoto mkate wa kumimina, wifi ameleta tambi na vibibi. Kupelekeana futari ni mapenzi, na kukirudisha chakula cha mtu ni kumvunjia heshima. Sukari yetu ya kopo ilikuwa ndogo na sukari iliyoliwa ilikuwa nyingi kuliko kabla ya mradi. Kipimo cha baba watoto kilionyesha hivyo.

Mavyaa ndiye aliyelitatua, na sidhani mwingine angeweza. Aliwaita majirani baada ya tarawehe akawaambia, "Wanangu, mnanipenda na mimi nawapenda. Sasa nina mtoto mgonjwa humu ndani. Mimi nileteeni papai, tikiti, ndizi, na kachumbari. Thawabu ni ile ile." Hakuna aliyekasirika. Nyumba mbili zikakiri nazo zina wagonjwa wa sukari, zikaomba na sisi tupeleke matunda badala ya vitumbua. Mwenye kuifuata shajara hii, kama mna mzee, mpeni yeye kazi hii kabla ya mwezi kuandama, si katikati.

Gharama: juu. Kila kitu hupanda Ramadhani, tikiti hasa. Tulizidi bajeti kwa shilingi 31,000, na sukari ya mwezi ilifika kilo 7 na nusu pamoja na ya Sikukuu.

27 Aprili: Mboga na masika

Tangu Januari tulikuwa na tatizo la mboga kuharibika. Tukinunua Jumapili za wiki nzima, Jumatano tunatupa. Friji yetu ni ndogo na umeme haukai siku zote. Kutupa mboga za 4,000 kunavunja moyo kuliko kuzinunua ghali.

Tumezipanga kwa umri. Boga, kabichi, karoti na vitunguu vinanunuliwa mara moja kwa wiki, kwani vinastahimili. Bilingani, bamia na tungule zisizoiva sana hukaa siku tatu nne. Majani, yaani mchicha, mtoriro (matembele), mnavu na kisamvu, siku hiyo hiyo, kwa mama mmoja anayeteremka kutoka shamba na beseni lake. Amekwisha kutujua, hutuwekea fungu. Mkungu mmoja wa ndizi tunaushirikiana na jirani, maana zikiiva huiva zote pamoja.

Masika yalipoanza mchicha ulipanda kutoka 500 hadi 1,000 kwa fungu, na ulikuja na tope, mashina mengi majani machache. Tulijaribu kukausha mchicha mapema ili tuuweke akiba. Ulikwisha kauka nusu, mvua ikaingia, ukaota ukungu wote, tumetupa. Kazi hiyo ni ya kaskazi, kwenye kivuli chenye upepo, si ya msimu huu. Kilichotuokoa ni mtoriro, ambao mvua ndiyo furaha yake, na mronge wa jirani. Nimepanda mtoriro kwenye mapolo matatu uani kwa mbegu ya bure, na sasa tunachuma. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe sana, maana kibichi kina sumu.

Mizani sasa inatoa kilo moja na nusu kwa siku kwa nyumba nzima, gramu 210 hivi kwa mtu. Ni nusu ya kinachotakiwa.

25 Mei: Sinia la wali, na hesabu mpaka leo

Mchele niliuacha mwisho kwa sababu ndio mgumu. Mchele usiokobolewa niliuulizia maduka ya Chake. Pakiti moja niliyoiona bei yake ilikuwa ya kilo tatu za huu wa kawaida. Haiwezekani kwetu.

Ushauri wa kliniki ulikuwa baba watoto apimiwe sahani yake peke yake. Sisi tunakula sinia moja. Alikaa na sahani yake siku mbili, ya tatu akarudi kwenye sinia, na namwelewa. Mtu aliyetengwa na sinia hujiona mgonjwa kila anapokula. Basi tukalibadilisha sinia lenyewe. Mlima wa wali umekuwa mdogo, katikati. Upande wake choroko au kunde nzito, upande mboga za majani, upande kachumbari, samaki juu. Mkono unapochota hupata vyote. Na tumekubaliana mboga ziliwe mwanzo, wali ufuate. Mchele umeshuka kutoka kilo 45 hadi 36 bila mtu kuondoka na njaa. Kunde na choroko tunaziroweka usiku ili zisile mkaa mwingi.

Dukani kwa Ami, mwezi huu: sukari kilo 5 (15,000), mafuta lita 5 (27,500), chumvi kilo moja (1,200), vidonge vya supu hakuna, soda na juisi za wageni 4,000. Katika hayo tumepunguza shilingi 53,300. Mboga na matunda yamepanda kutoka 40,000 hadi 78,000. Samaki wameongezeka kwa 14,000, maziwa kwa 6,000. Tulichookoa kwenye mchele kimeingia kwenye kunde na choroko, havikuzidiana. Kwa hiyo tumevuka sharti letu kwa shilingi 4,700, nami naona fedha hiyo ilipwe.

Presha ya mavyaa ilikuwa 158 juu ya 94 mwanzo wa mwaka. Wiki hii ni 144 juu ya 86. Dawa zake ni zile zile na anazimeza kila siku. Asiziache mtu kwa kusoma habari hizi. Kipimo cha asubuhi cha baba watoto kimeshuka, ila hakijatulia. Siku za harusi na hitma hupanda.

Ambalo halijashikika ni fedha za watoto za skuli. Tunawapa 500 kila mmoja, na langoni kuna juisi za rangi, barafu za sukari na vitu vya kukaanga. Tulijaribu kuwafungia muhogo na ndizi. Wadogo walikula, mkubwa alirudi nazo. Nimezungumza na wazazi wawili wa darasa lake tuwaombe wale akina mama wa langoni wauze matunda ya kukatwa, na sisi tuwaahidi kuyanunua.

Kusi imeshaanza kuvuma. Bahari ikichafuka samaki watapanda bei, kwa hiyo mwezi wa sita tutajaribu mayai na mbaazi siku tatu kwa wiki, na kukausha dagaa wa giza la mwezi huu kabla hawajapotea. Nitaandika yatakavyokuwa.